Surf ya dizeli ya mwaka 1997 imechemsha Kitonga: niitengeneze, niiuze ilivyo, au niipeleke kwenye chuma chakavu?

Mkazi wa Gangilonga (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu nimeona humu kwamba anayeuliza kwa mstari mmoja hujibiwa kwa mstari mmoja.

Ninamiliki Toyota Hilux Surf, KZN185, ya mwaka 1997, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, turbo, gia otomatiki. Niliinunua mwaka 2008 ikiwa imetoka Japani, ina namba za usajili za herufi A, na kwa miaka yote hiyo haijawahi kulala gereji zaidi ya siku mbili. Kazi yake ni moja tu. Mimi ninaishi Iringa mjini, shamba langu la viazi na miti lipo Kilolo, na ukifika mwezi wa tatu barabara ya kule huwa ni tope ambalo magari madogo hulitazama kwa mbali.

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa natoka Dar es Salaam. Nilifika mlima wa Kitonga saa moja jioni, nikaingia nyuma ya malori matano yaliyokuwa yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nikawa gia ya pili muda wote. Kibaridi kilikuwa kimeanza, kwa hiyo nilikuwa nimewasha hita. Katikati ya mlima hita ikaanza kupuliza hewa ya baridi. Nikatazama mshale wa joto, nikaukuta umetulia katikati kama siku zote, nikajisemea kwamba swichi ya hita imekufa, nikaendelea kupanda. Haikupita dakika tano mshale ukaruka moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, gari likakosa nguvu, na nilipopata pa kuegesha na kufungua boneti nikakuta chupa ya akiba inatokota, na mpira wa juu wa rejeta umekuwa mgumu kama ubao.

Gari lilivutwa hadi Iringa. Fundi alijaza maji, akaliwasha likiwa baridi huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, na mapovu yakaanza kupanda kama chungu cha maharage. Alipofungua hedi, yaani kichwa cha injini, tukaona kwa macho ufa kati ya valvu mbili za silinda ya tatu, na mwingine mwembamba pembeni ya chemba ya mwako.

Makadirio niliyopewa ni haya. Hedi mpya kamili, isiyo ya kiwanda cha Toyota, ni shilingi 2,300,000. Gasketi na boliti ni 280,000, mkanda wa taimingi na rola zake 250,000, rejeta 350,000, kupima na kurekebisha nozo (vinyunyizi vya dizeli) 200,000, na ufundi 500,000. Jumla ni 3,880,000. Njia ya pili ni injini ya mtumba pamoja na pampu yake ya dizeli, ambayo ufundi ukiongezwa inafika 6,100,000. Dalali amelitazama gari likiwa uani akasema atatoa 4,000,000 lilivyo, na kwamba kama lingekuwa linatembea vizuri angeniletea mteja wa 12,000,000. Mnunuzi wa chuma chakavu ananunua kwa shilingi 850 kwa kilo, na baada ya kutoa viti, vioo na mipira anakadiria kilo 1,400, yaani 1,190,000.

Moyo wangu upo kwenye kutengeneza. Ninachoomba ni mnionyeshe pale ambapo moyo unanidanganya.

Spana 17

Mkuu, pole sana. Mimi ni fundi wa dizeli na injini hizi nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo nianze na hiyo hita yako, kwa kuwa wenye magari ya namna hii wanapaswa kulijua jambo hili kabla halijawafika.

Hita hutumia maji yaleyale ya injini. Gesi ya mwako inapopenya kwenye mfumo wa maji hujikusanya sehemu za juu, maji yakaacha kuzunguka kwenye hita, na hita ikapoa ilhali injini inaungua. Mshale wa joto wa Toyota nyingi umetengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, ili dereva asihangaike kila ukisogea kidogo, na kihisi chake kikikaa kwenye hewa badala ya maji hakisomi ukweli. Hita ilikuambia mapema, ila hakuna aliyekufundisha lugha yake.

Kuhusu ufa, 1KZ-TE ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya aluminiamu, na metali hizi mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja. Injini ni ya sentimita za ujazo 2,982, mwako wake huanzia kwenye chemba ndogo iliyomo ndani ya hedi, na kwa sababu hiyo hedi hubeba joto kali mno. Ikichemshwa mara moja vizuri, hupasuka palepale ulipopaona. Usikubali mtu akuambie ataichomelea, kwa sababu hedi iliyochomelewa hukufikisha Mafinga na kukurudisha mara mbili au tatu, kisha utalipa ufundi upya.

Kabla hujatoa hata shilingi, nina maswali matatu. Je, gari lako lina themostati, yaani kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, au kuna fundi aliyewahi kuitoa akidai injini "ipumue"? Kwenye injini nyingi za Toyota kifaa hicho kikifunguka huziba pia njia fupi ya maji, na ukikitoa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, kwa hiyo mlima ukiwa mrefu unachemsha. Je, ulikuwa unaweka kulanti (maji maalumu ya rejeta) au maji ya bomba? Na kabla ya kuchemsha, ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma, ilikuwa inatoa moshi kwa msukumo? Kama ndiyo, ringi za pistoni zimechoka, na hedi mpya juu ya ringi zilizochoka ni kumvalisha mgonjwa suti.

Hesabu Kwanza

Mimi si fundi, na ndiyo maana nitaziacha chemba na valvu kwa wenyewe. Natazama namba tu.

Gari bovu lina thamani ya 4,000,000 leo. Ukiweka 3,880,000 linakuwa la 12,000,000. Ukitoa gharama unabaki na 8,120,000, ambayo ni zaidi ya bei ya dalali kwa 4,120,000. Kwa karatasi, kutengeneza kunashinda. Lakini makadirio ya gereji za kwetu ni kama ahadi ya mchumba, huongezeka kila unapofika. Mimi huongeza theluthi. Ukiongeza theluthi unafika takribani 5,170,000, na bado kutengeneza kunashinda kwa zaidi ya milioni mbili.

Kuna wanaoshangaa kwa nini gari lenye umri wa miaka karibu thelathini liwe na bei hiyo. Jibu lipo bandarini. Ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na juu yake ushuru wa ziada kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8, vinalifanya gari jingine la dizeli la aina hiyo lifike kwako kwa bei ambayo haifanani kabisa na ile uliyoiona kwenye mtandao wa Japani. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kiasi gani kitakurudisha shambani Kilolo kwa njia nyingine. Thamani ya gari lenyewe ni sehemu ndogo tu ya hilo.

Mkazi wa Gangilonga

Ndugu Spana 17, umenishika. Themostati ilitolewa mwaka 2015 na fundi mmoja tuliyekutana naye safarini, naye aliniambia ni kifaa cha nchi za baridi. Kulanti nilikuwa naweka miaka ya mwanzo, baadaye nikawa naongeza maji ya bomba. Moshi kwenye mfuniko wa oili haukuwepo, na oili haipungui kati ya sevisi na sevisi. Pampu ya dizeli ilipimwa mwaka jana ikaonekana nzima, jambo ambalo sikulitegemea, kwa kuwa lilikula mafuta ya vituo vya njiani kabla ya mwaka 2010, yaani kabla vinasaba, zile alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, havijaanza kuwekwa kwenye mafuta.

Kwa hiyo nimeanza kuelekea kwenye hedi mpya. Kuna mwenye pingamizi?

Mpwani wa Tudor

Ninalo pingamizi, ndugu yangu wa bara, nalo halihusu injini.

Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu na sijaona mtu hata mmoja aliyesema amelala chini ya gari. Huku kwetu Mombasa upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana, na kwa hiyo mtu akitaka kununua Surf au Prado ya zamani, boneti huifungua mwisho. Kwanza anachukua bisibisi nene na nyundo ndogo, anaingia chini, anagonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga, na bisibisi ikisukumwa hupenya.

Utasema gari lako lipo Iringa mbali na chumvi. Lakini limezaliwa wapi? Sehemu za kaskazini mwa Japani, Hokkaido na jirani zake, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililoishi huko miaka kumi huja na ugonjwa wake ukiwa umefichwa chini ya rangi nyeusi. Ongeza tope la Kilolo linalonata ndani ya chasisi msimu mzima. Kwenye Surf ya umbo hilo tazama hasa mahali mikono ya chini ya ekseli ya nyuma inaposhikia, mbele kidogo ya tairi la nyuma, pande zote mbili, upande wa ndani wa chasisi ambako jicho halifiki.

Injini hubadilishwa. Gia boksi hubadilishwa. Chasisi ikioza, hayo yote uliyonunua unakuwa umeyapakia kwenye mtumbwi unaovuja.

Spana 17

Mpwani amesema kweli, na ninakiri kwamba sisi mafundi wa injini tuna ugonjwa wa kutazama injini peke yake.

Mkazi wa Gangilonga

Wakuu, nimerudi, na habari si nzuri.

Jumamosi nilikwenda gereji na bisibisi. Tulilipandisha gari juu ya magogo, kijana mmoja akaosha chini kwa mashine ya maji hadi tope la miaka likaisha, nami nikaingia. Upande wa kushoto nyundo ililia vizuri. Upande wa kulia, palepale alipopataja Mpwani, ililia kama kopo. Nilisukuma bisibisi bila nguvu nyingi ikaingia hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa ikatoka na vipande vya kutu vyenye tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu, vikaniangukia usoni. Shimo sasa lina upana wa kiganja. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na bati lililochomelewa zamani, kabla ya mwaka 2008 bila shaka, kwa kuwa mimi sijawahi kulichomelea.

Nimekaa nikakumbuka jinsi nilivyolipakia gunia 15 za viazi na watu wanne, tukashuka Kitonga kwenda Dar es Salaam kwa mwendo ambao sitautaja hapa.

Mchomeleaji mzoefu anasema inawezekana kukata na kuunga kipande kipya, lakini yeye mwenyewe hatapanda kwenye gari hilo likiwa na mzigo. Nilimwelewa.

Hesabu Kwanza

Basi karatasi inageuka. Mnunuzi makini akiliona hilo shimo, hata likiwa limeungwa, hatatoa 12,000,000. Tuseme atatoa 7,000,000. Ukitoa 3,880,000 za injini unabaki na 3,120,000, na hapo hatujagusa gharama ya kuunga chasisi wala ile theluthi yangu. Iko chini ya 4,000,000 za dalali. Kutengeneza kumeshindwa, na kumeshindwa bila injini kuwa na kosa lolote jipya.

Mchango Huru

Mkuu, mwite dalali leo hii, chukua milioni zako nne, funga mdomo. Yeye mwenyewe hakutazama chini, hilo ni tatizo lake. Rangi nyeusi inauzwa kila duka.

Mkazi wa Gangilonga

Ndugu, aliyeniuzia mimi mwaka 2008 alifanya hivyohivyo unavyonishauri, na watoto wangu wamekaa kiti cha nyuma juu ya hilo bati kwa miaka. Nimemwonyesha dalali. Ameshusha hadi 2,800,000, na sina la kumlaumu.

Spana 17

Kama ni hivyo, fikiria kulichinja mwenyewe, yaani kuuza kipande kwa kipande. Injini hii ilifungwa pia kwenye Prado za KZJ78 na KZJ95 na kwenye Hilux, kwa hiyo pampu nzima haikai wiki mbili bila kupata mtu, hasa pampu za umeme kama hiyo ambazo mafundi wengi hawawezi kuzitengeneza zikifa. Turbo, gia boksi, difu na milango vina wateja. Ila jiandae kwa usumbufu. Kila mteja atataka kukijaribu kifaa, atataka kukirudisha, na atakupigia simu saa nne usiku akiuliza kama kioo cha pembeni bado kipo.

Uza pampu kwanza ukiwa na uthibitisho wa kipimo. Ziba midomo yake yote kwa plastiki safi mara tu unapoifungua, ukiacha dizeli ndani, kwa kuwa dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vyake na ikikauka inashika kutu. Usikubali kuuza milango kabla hujapata mteja wa boneti, maana bodi ikianza kukatwa hovyo kila mtu anataka bei ya chuma.

Karani Mstaafu

Niongeze jambo ambalo watu hulisahau. Gari likifa, karatasi zake hazifi zenyewe. Kadi ya usajili na vibao vya namba ni mali yenye thamani kwa wezi, ambao huvivisha kwenye gari la wizi la aina na rangi ileile, na siku likikamatwa jina linalosomeka ni lako. Usimpe mnunuzi wa chuma kadi wala vibao, hata akiongeza bei. Andika barua TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kueleza kwamba gari limeondolewa barabarani na kuchinjwa, peleka kadi na vibao, omba usajili ufutwe, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kabla ya hapo angalia kama namba hiyo haidaiwi faini za barabarani. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo gari kulala uani hakulimbikizi deni la namna hiyo, na ndiyo maana wengi hulisahau chini ya mti hadi watoto wanarithi matatizo.

Na chuma mpelekee mwenye kibali. Wenzetu wa Kenya wanakumbuka Januari 2022, biashara nzima ya chuma chakavu iliposimamishwa baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Biashara hii hutazamwa kwa jicho kali kila mahali, kwa hiyo dai risiti yenye jina, tarehe na uzito.

Mpwani wa Tudor

Twakumbuka sana. Vijana wa mikokoteni walikaa miezi kadhaa hawajui la kufanya.

Mkazi wa Gangilonga

Wakuu, nafunga hesabu baada ya wiki saba, kwa kuwa kuna waliouliza faraghani.

Pampu imeuzwa 1,100,000 kwa mwenye Prado wa Njombe, ambaye alikuja na fundi wake na karatasi ya kipimo akaisoma mara mbili. Gia boksi 900,000. Difu zote mbili 800,000. Rimu na matairi 800,000. Milango, boneti na taa 650,000, kwa watu watatu tofauti. Turbo 450,000. Chasisi na mabaki ya bodi vilipimwa kilo 620, nikalipwa 527,000. Jumla ni 5,227,000. Kijana aliyenisaidia kufungua nimemlipa 350,000, nikabaki na 4,877,000. Ni zaidi ya bei ya mwisho ya dalali kwa 2,077,000, lakini sitamshauri mtu mwenye ajira ya saa nane kwa siku ajaribu, kwa sababu kuna Jumapili mbili ambazo sikwenda kanisani, na mke wangu amekataa kabisa kupokea simu za namba asizozijua.

Kadi na vibao vimefika TRA, nakala yenye mhuri ninayo. Kipande cha chasisi chenye namba nilikikata mwenyewe kabla ya kupima chuma.

Kwa sasa napanda Kilolo kwa gari la jirani kwa kuchangia mafuta, huku nikitafuta Hilux ya dizeli ya injini ndogo isiyo na turbo. Nimekwishaangalia mbili. Zote niliingia chini kabla ya kusalimiana na mwenye gari, na mmoja alichukia.

Aliyeuliza kuhusu bloku: ipo bado, pistoni na krenki vikiwa ndani, nimeifunika kwa turubai chini ya mparachichi. Silinda hazina mikwaruzo. Anayeihitaji aje na watu wanne wa kuinyanyua, maana sisi tulishindwa.